Dripu Inashuka, Lakini Mshipa Je?

Makame, kijana wetu wa zamu ya usiku, ana jawabu moja tu kila asubuhi nikimuuliza habari za mgonjwa: "Dripu inashuka vizuri." Nampenda Makame, ana huruma na wanyama kuliko wengi waliosoma kumzidi, lakini jawabu hilo linanichosha. Dripu inaweza kushuka vizuri huku mshipa unaharibika. Inaweza kushuka vizuri huku maji yanaishia chini ya ngozi, maana ngozi ya mbwa imelegea na inameza maji mengi kabla haijalalamika. Na kama mbwa mwenyewe ana kisukari, basi dripu kushuka ndiyo habari ya mwisho ninayotaka kuisikia. Ya mwanzo ni mguu ukoje.

Kwa asiyenijua: mie ni msaidizi wa daktari wa mifugo, Unguja. Nimesoma chuo cha kilimo cha Kizimbani, na kule tulifundishwa zaidi ng'ombe, mbuzi na kuku, jambo la haki kabisa kwenye kisiwa ambacho mtu anafuga ng'ombe wawili watatu nyuma ya nyumba. Mbwa nimewajulia kazini. Wanaotuletea ni wenye nyumba za wageni wa pwani ya mashariki, wageni waliohamia, watu wa mashamba wanaofuga mbwa wa kufukuza kima na nguruwe, na mara mojamoja familia za mjini. Wenye kisukari si wengi, lakini akija mmoja anaichukua kliniki nzima, kwa sababu haletwi mpaka hali imeshakuwa mbaya: anatapika, hali chakula, pumzi inanuka utamu usioeleweka, ketoni (taka kali za mafuta ambayo mwili unayachoma badala ya sukari) zimejaa kwenye mkojo na damu imeingia uasidi. Hapo hapana ujanja. Ni kulazwa, dripu usiku na mchana, insulini ya haraka, na kupima sukari kila saa au kila baada ya saa mbili.

Nitamsimulia mmoja, kwa ruhusa ya wenyewe. Anaitwa Shokishoki, jike la makamo lenye asili ya mbwa wadogo wa kizungu, na ukiyaona manyoya yake, kama lile tunda lenye nywele, huulizi jina lilitoka wapi. Aliletwa kutoka Jambiani na mlinzi wa nyumba ya wageni, Ami Haji, nyuma ya pikap, kafungwa kwenye kikoi kikuukuu. Mwenye nyumba yuko Ulaya sehemu kubwa ya mwaka. Anayemjua mbwa ni Ami Haji. Macho yalikuwa yameshafunga weupe, mtoto wa jicho, kitu ambacho kwa mbwa wenye kisukari ni cha kawaida sana na huja haraka.

"Haoni huyu," Ami Haji aliniambia kabla sijanyoosha mkono. "Mwite kwanza, mwanangu. Ukimgusa kimya atakutia meno, na haki yake."

Maneno hayo niliyaandika kwa kalamu nyekundu kwenye kadi ya kizimba: ITA JINA KWANZA. Yalitusaidia kuliko dawa yoyote ya kutuliza, kwa sababu kanula (kile kijipira chembamba cha plastiki kinacholazwa ndani ya mshipa kupitisha dripu) inayotunzwa vizuri ni kanula inayoshikwa mara nyingi, na mbwa anayeshtuka kila anaposhikwa hataikubali hata nusu siku.

Sasa, kwa nini naifanya kanula ya mbwa wa kisukari kuwa kesi peke yake? Sukari ikiwa juu kwenye damu, chembe nyeupe zinafanya kazi kivivu, kwa hiyo kijidudu ambacho mbwa mwengine angekimaliza kimyakimya kwake kinapata nafasi. Tena damu ya wagonjwa hawa ina tabia ya kuganda upesi, na kipande cha plastiki kilicholala ndani ya mshipa ni mwaliko wa donge. Mwili umekauka, mishipa imelala, unaitafuta kwa kidole kama haimo. Halafu vile tunavyopitisha humo, dekstrosi (sukari ya dripu) na madini ya potasiamu, vyenyewe vinauchoma mshipa. Ongeza kwamba wengi wao wana ugonjwa wa pili chini ya huo wa kwanza: kongosho limevimba, au kibofu kina maambukizi, kama alivyokuwa Shokishoki. Na hawatoki leo wala kesho. Mishipa unayoharibu mwanzo utaihitaji mwisho.

Kwa hiyo tunaanza chini. Mguu wa mbele, mshipa ule unaopita juu ya mkono, na tunachoma karibu na kifundo, siyo karibu na kiwiko, ili ukiharibika pana pa kupandia. Mguu wa nyuma ninaukataa mpaka nilazimishwe. Sababu ni mkojo. Sukari inayomwagika kwenye figo inavuta maji pamoja nayo, mbwa anakojoa kama bomba halikufungwa vizuri, na akiwa dhaifu anakojoa palepale alipolala. Bandeji ya mguu wa nyuma inalowa mkojo wenye sukari ndani yake. Sijui chakula gani kizuri zaidi kwa vijidudu. Shingo tunaiachia daktari. Kuna kanula ndefu za shingoni, nzuri sana kwa wagonjwa hawa kwa sababu unaweza kutolea damu humohumo bila ya kumchoma tena, lakini si kila siku tunazo, na hizi ni habari za kliniki ya kawaida.

Damu ya kupima sukari tunaitoa ukingo wa sikio. Unalipasha sikio moto kwa kiganja, unachoma kidogo kwa ile sindano ya kidoleni, tone linatoka. Mishipa inapumzika. Mashine yetu ni ya binadamu, na kwa damu ya mbwa mashine hizo mara nyingi husoma chini ya hali halisi, kwa hiyo namba ndogo naisoma kwa akili, ingawa siipuuzi. Kuna jambo moja sitaki kuliona: mtu anatoa damu ya kupima kwenye mpira uleule unaopitisha dekstrosi. Utapata namba ya kutisha, utaongeza insulini, na utakuwa unamtibu mfuko wa dripu badala ya mbwa.

Kunyoa. Watu wananyoa kidirisha kidogo juu ya mshipa kwa kuona haya kumharibia mbwa manyoya. Nyoa mguu duara, mbele na nyuma, uache nafasi pana, kwa sababu plasta itazunguka na nywele za nyuma ndizo zitakazobeba uchafu. Shokishoki alikuja na vumbi jeupe la mawe ya pwani na chumvi ya bahari mpaka kwenye vidole. Nilisugua kwa klohexidini, dawa ya kuulia vijidudu, pamba baada ya pamba, mpaka pamba ikatoka kama ilivyoingia, halafu nikaiacha dawa ikae. Hapa ndipo haraka inapoharibu: dawa inataka dakika zake, si kupakwa na kufutwa. Na ukishasafisha, usirudi tena kupapasa mshipa kwa kidole kitupu, hata kama mshipa umekupotea. Vaa glovu safi, papasa, safisha tena.

Ngozi ya mbwa aliyekauka ni ngumu. Ukiisukuma kanula moja kwa moja, ncha ya plastiki inakunjana kwa nje, na ncha iliyokunjana itaingia ikikwaruza mshipa njia nzima. Daktari alitanguliza sindano kupasua ngozi kidogo tu, kisha kanula ikapita laini. Yeye alitaka ya pinki, iliyo nene zaidi, mie nilipendelea ya buluu, namba 22. Hoja yake ni kwamba mgonjwa anataka maji mengi. Hoja yangu ni kwamba kanula nene kwenye mshipa mwembamba inagusa kuta pande zote na damu haipati pa kupita. Tulikubaliana na ya buluu. Akipona tunasema shukrani kwa Mungu, asipopona nitasikia habari ya pinki mpaka Iddi.

Watu huniuliza habari ya mate ya mbwa. Najua mtaniuliza na nyie, basi niseme. Kwa madhehebu yetu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito: kuosha mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Sioni tabu yoyote. Nje, karibu na bomba, ninayo ndoo ya udongo safi mkavu yenye kifuniko, na nguo za kazi hazirudi nyumbani. Sheikh niliyemuuliza alinieleza kwamba glovu ikiwa imezuia unyevu usifike ngozini, mkono wangu haukuguswa. Ninalolisisitiza mie ni mpango: udongo ni wa mwisho wa zamu. Hauingii chumba cha wagonjwa. Nikihitaji kurudi kwa mgonjwa baada ya kujitoharisha, naanza upya na sabuni, kisha klohexidini mpaka viwiko, kisha glovu. Dini na kazi zinapatana vizuri, lakini zinataka zipangwe foleni.

Kufunga. Kipindi hiki cha kaskazi, joto na unyevunyevu, plasta haishiki hata kwenye ukuta. Dawa ya ngozi isipokauka kabisa, plasta itateleza baada ya saa chache, kanula itaanza kwenda mbele na nyuma ndani ya mshipa, na huko kuteleza ndiko kunakouvimbisha mshipa zaidi ya kitu chochote. Ukanda wa kwanza unaushika mdomo wa kanula wenyewe, ukutane na plastiki kavu, ndipo uzunguke mguu. Wa pili chini yake. Kisha kitambaa safi cha kidonda pale ilipoingilia, kisha bandeji nyepesi. Nje naandika tarehe, saa na ukubwa wa kanula. Vidole viwili vya kati vya mguu lazima vionekane. Hivyo ndivyo kipimo changu: bandeji ikibana, vidole vinavimba na kucha zinaachana, kila moja inatazama upande wake. Ukiona kucha zimeachana usingoje daktari, legeza.

Wengine huvisha mguu mfuko wa plastiki ili usilowe. Kwa kutoka nje kukojoa, sawa. Akirudi, uvue hapohapo. Nimeshakuta mfuko uliosahauliwa usiku kucha, na ndani yake bandeji imelowa jasho na mvuke, ngozi imekuwa nyeupe na laini. Maji ya ndani hayana tofauti na maji ya nje.

Baada ya hapo inaanza kazi yenyewe, ambayo haina sifa. Bandeji inafunguliwa angalau mara mbili kwa siku. Si kutazamwa kwa nje. Kufunguliwa, mpaka uone tundu. Natazama wekundu, uvimbe, usaha, unyevu. Nanusa. Nagusa kwa mgongo wa kiganja nilinganishe joto na mguu wa pili. Kisha naweka vidole viwili vya mkono wa kushoto juu kidogo ya pale ncha ya kanula ilipofika, na kwa mkono wa kulia nasukuma maji ya chumvi, mililita mbili tatu, taratibu. Kanula nzima utaijua kwa vidole: kitu chembamba, baridi, kinapita chini yake kwenda juu na hakiachi alama. Iliyotoka nje ya mshipa inainua kinundu palepale. Iliyoziba inalirudisha gumba lako nyuma, na hapo usishindane nayo, kwa sababu donge ukilisukuma linakwenda na damu mpaka mapafuni. Na mtizame mbwa usoni, si mguu peke yake. Mbwa aliyekuwa ametulia kutwa, ukasukuma maji akauvuta mguu, ameshakujibu.

Ikiwa dripu imesimamishwa, maji hayo ya chumvi tunasukuma kila baada ya saa nne mpaka sita. Zamani tulikuwa tukichanganya heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Siku hizi ni chumvi tupu, na kwa kanula za miguuni sijaona tofauti; tafiti zilizofanywa kwa mbwa nazo zilifika hapohapo. Kila mlango wa sindano kabla ya kuguswa unafutwa kwa spiriti, na kufuta maana yake ni kusugua na kuacha ikauke, siyo kuupiga busu kwa pamba.

Sasa sukari. Utashangaa, mbwa tunamshusha sukari kwa mkono mmoja na tunampa sukari kwa mkono wa pili. Insulini inashusha sukari upesi lakini ketoni zinachelewa kuondoka, kwa hiyo sukari ikifika kama 14 kwa mashine zetu, au 250 kwa zile za miligramu, daktari anaongeza dekstrosi kwenye dripu ili insulini iweze kuendelea bila ya kumzimisha mgonjwa. Dekstrosi ya 50% haiingii kwenye mshipa mdogo wa mguu ilivyo, itauunguza. Tunaizimua mpaka 2.5% au 5%. Kwa 5%, natoa mililita 50 kwenye mfuko wa mililita 500, natia mililita 50 za dekstrosi, naupinduapindua. Potasiamu nayo vivyo hivyo, na kwake kupinduapindua ni suala la uhai: ukiitia na mfuko umening'inia, inaweza kukaa chini na kuingia yote kwa mkupuo. Mkupuo wa potasiamu unausimamisha moyo. Ikishaingia kwenye mfuko, naandika kwa herufi kubwa ili mtu asije akafungua dripu wazi usiku kwa kuona imechelewa.

Na dekstrosi ina wafuasi wake. Sisimizi. Nani anayeishi Unguja asiyewajua? Tone moja likidondoka kwenye kiungo cha mpira, baada ya muda mfupi wanashuka kwa mstari kutoka kwenye dari, wanafuata ndoano, wanafuata mpira, wanafika kwenye bandeji. Wengine walikuja kwa njia ya pili, ya mkojo sakafuni. Miguu ya kizimba tuliisimamisha kwenye makopo ya maji, kama watu wanavyofanya kabati la chakula, na nguzo ya dripu tuliipaka mkanda mzito wa mafuta ya mgando. Wakakwama hapo. Lakini kilichowamaliza hasa ni kuviosha na kuvikausha viungo vya mpira kila tulipobadilisha mfuko, na mfuko uliotiwa sukari hatuupi zaidi ya saa 24 hata kama umebaki nusu. Mwenye kulipa alilalamika kuhusu mifuko iliyomwagwa. Nilimwambia ile nusu ni ya bei rahisi kuliko mguu.

Kutoka nje lilikuwa tatizo jengine. Shokishoki alifundishwa asikojoe ndani, na akipata nguvu kidogo tu alikuwa analia kizimbani mpaka atolewe. Kila ukifungua kiungo cha dripu ili atoke, umefungua mlango. Na mbwa wa kisukari anataka kutoka kila mara. Basi tuliacha kufungua. Ami Haji, ambaye alikuwa anakuja kila siku na gari la asubuhi la Jambiani, alipewa kazi ya kuubeba mfuko.

"Uinue juu ya bega, ami. Ukiushusha, damu inarudi kwenye mpira."

"Kama bendera?"

"Kama bendera."

Wakawa wanazunguka mwarobaini wa uani, mzee na kofia yake ya viua, mfuko juu, mbwa kipofu mbele ananusa njia, na mie nyuma nimeushika mpira usikokote ardhini. Majirani walipata kipindi cha bure. Ami Haji hamgusi mbwa akiwa majimaji, anakaa mkono mmoja kando na kumwongoza kwa sauti: "Kulia, mama. Kuna jiwe." Nimeona wenye mbwa wanaolala nao kitanda kimoja wasiokuwa na subira hiyo.

Umeme ulikatika siku mojawapo, jioni, na haukurudi mpaka alfajiri. Kwetu si msiba, kwa sababu hatuna pampu ya dripu, tunahesabu matone. Mpira wa kawaida ni matone 20 kwa mililita. Mililita 45 kwa saa unagawa kwa tatu, matone 15 kwa dakika, tone moja kila sekunde nne. Makame na tochi yake na saa ya mkono. Shida ya kuhesabu ni kiwiko: mbwa akikunja mguu matone yanasimama, anakuja mtu anafungua gurudumu la kuongezea matone, mbwa ananyoosha mguu, dripu inakwenda mbio. Dawa yake ni kile kichupa cha kupimia kinachokaa kati ya mfuko na mpira. Unakijaza maji ya saa moja au mbili tu, unafunga juu. Hata ikienda mbio, haina pa kwenda. Kwa mfuko wenye potasiamu sikubali kuhesabu matone bila ya kichupa hicho, na hapo hata daktari ameshanyamaza.

Insulini tuliitia kwenye mtungi. Chupa isiyofunguliwa inataka digrii 2 mpaka 8, na friji isipofunguliwafunguliwa inahimili usiku mmoja, lakini wakubwa wa kazi hapa walipitia kiza cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima bila ya umeme kutoka Bara, na tangu hapo hawaamini friji. Chupa inayotumika inakaa kwenye kikopo kilichofungwa, kikopo ndani ya mtungi mdogo wa udongo ulioloweshwa nje. Inatosha.

Kilichonifanya niandike haya ni asubuhi iliyofuata. "Dripu inashuka vizuri," Makame akasema, na kweli ilikuwa inashuka, tone kwa sekunde nne, huwezi kuitia kasoro. Bandeji kavu, safi. Shokishoki alikuwa analamba juu ya bandeji, si kwenye bandeji yenyewe, bali juu yake, upande wa kiwiko. Kola ya plastiki, ile ya kumzuia mbwa asijilambe, tulikuwa hatukumvisha. Mbwa kipofu ukimvisha kola anagonga kila kitu na kuchanganyikiwa, kwa hiyo tulimfunga taulo lililoviringishwa shingoni, na taulo lilikuwa limeshuka. Nikamwita jina, nikafungua. Tundu lilikuwa zuri. Lakini kutoka hapo kwenda juu mshipa ulikuwa mgumu, unauviringisha chini ya kidole kama kamba ya katani, na ngozi ina moto. Nilipogusa alinung'unika. Kipimajoto kikasema homa kidogo ambayo jana haikuwepo.

Hakuna mjadala hapo. Dripu ikafungwa, kanula ikatoka, pamba kavu na kidole juu yake kwa dakika kadhaa, kwa sababu mshipa ulioumia unavuja ndani kwa ndani. Daktari akaingiza nyengine mguu wa pili wa mbele, chini kabisa, kwa usafi uleule. Mguu wa zamani tuliukanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu mara kadhaa kwa siku, na niliendelea kuuangalia hata baada ya kanula kutoka, maana uvimbe wa mshipa unaweza kuchelewa kuonekana. Ulilainika polepole. Makame aliusikia mwenyewe kwa kidole chake, nilimlazimisha, na tangu siku hiyo ripoti yake imebadilika. Sasa anasema, "Mguu baridi, kucha pamoja, dripu inashuka." Kwa mpango huo.

Wapo wanaosema kanula ing'olewe kila baada ya saa 72, nzima au mbovu. Kwa mbwa wa kisukari sikubaliani nao. Mishipa ni michache na kila tundu jipya ni hatari mpya. Kanula safi isiyouma, isiyo na joto wala uvimbe, niache nayo, ila nitaifungua na kuitazama bila ya uvivu. Kinyume chake, ile iliyoingizwa kwa pupa mlangoni, mbwa anakata roho, hapana muda wa kusugua, hiyo naitaka itoke ndani ya saa 24 hata kama inapendeza. Na ikiwa mgonjwa hana haja tena na dripu, isibaki kwa "pengine". Shokishoki alipoanza kula uji wa nyama na kuuzuia tumboni, ketoni zikaondoka kwenye kijiti cha mkojo, daktari akamhamishia insulini ya chini ya ngozi, asubuhi na jioni pamoja na chakula. Kanula ilitoka siku hiyohiyo.

Ami Haji ndiye atakayekuwa akimchoma. Alijifunza kwa machungwa, akayatoboa fungu zima, kisha akamchoma Shokishoki mwenyewe kwenye ngozi ya shingoni bila ya mbwa kugeuka. Nilimsisitizia bomba la sindano. Insulini nyingi za wanyama ni za uniti 40 kwa mililita, ya binadamu ambayo yeye amepewa ni 100, na bomba la moja halipimi nyengine. Asikubali bomba lolote la dukani kwa sababu tu linafanana.

Limebaki la kizazi. Shokishoki hakufungwa, na alikuwa ametoka kwenye joto, lile la kutaka dume, wiki chache kabla ya kuugua. Homoni inayopanda baada ya joto inaipinga insulini, kwa hiyo kila joto litakuja kuturudisha kizimbani, na kutafuta mshipa kwenye miguu ileile. Daktari anataka afungwe kizazi mara akipata nguvu. Mwenye mbwa amejibu kwa ujumbe wa sauti kutoka Ulaya kwamba atalifikiria akija likizo. Nimemjibu alifikirie sasa hivi, joto la Shokishoki halingojei tiketi ya ndege.